Jicho la usiku halijui jina la mnyama

Pita kijiwe chochote cha jiji hili jioni, uanzie Manzese hadi Temeke, utawakuta vijana wamekizunguka kioo cha simu moja. Safari hii si mpira wala ngumi. Ni shamba kubwa la Marekani usiku wa manane, na picha yake haina rangi: ardhi nyeusi, miti ya kijivu, na katikati kitu cheupe chenye miguu minne kinatembea kama taa iliyoota kwato. Alama ya msalaba inakifuata. Mlio mmoja, kitu cheupe kinaanguka. Kijiwe kizima kinapiga kelele: "Hawa jamaa noma!"

Hatukuja kuwazomea vijana. Chombo kile kinashangaza kweli, na anayekishangaa hana kosa. Lakini gazeti hili lina tabia moja isiyowapendeza wakubwa, nayo ni kuuliza nani amelipa, nani ameruhusu, na nani anahesabu maiti asubuhi. Tumeyauliza maswali hayo juu ya darubini hii, na majibu yametufikisha mbali kuliko tulivyotarajia.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Anaitwa koyoti. Ni ndugu wa bweha wetu ila mkubwa kidogo, kwa kawaida kilo 10 hadi 20. Anakula panya, sungura, matunda, mizoga na mabaki ya jalalani, na akipata nafasi anakula mwanakondoo. Zamani makao yake yalikuwa nyika za kati na magharibi za Amerika ya Kaskazini, na mbabe wake alikuwa mbwamwitu. (Hatumaanishi yule wetu wa Selous mwenye mabaka na masikio ya duara, bali yule wa nchi za baridi anayefanana na mbwa wa polisi.) Walowezi na serikali yao wakammaliza mbwamwitu karibu kila mahali kwa risasi, mitego na sumu. Koyoti akaona nyumba haina mwenyewe, akaingia. Leo yumo katika majimbo yote ya Marekani isipokuwa Hawaii, kusini ameshuka hadi Panama, na huko Chicago anaishi kati ya majumba, reli na makaburi. Watafiti wamekuwa wakimfuatilia katika jiji hilo tangu mwaka 2000. Kwa maneno mengine naye ni msela wa mjini, anaishi kwa akili yake.

Sasa chombo. Kila chenye joto, awe mtu, mbwa au injini ya gari iliyozimwa sasa hivi, hutoa mionzi ambayo macho yetu hayaioni. Darubini ya joto hupokea mionzi hiyo. Lenzi yake si ya kioo, kwa sababu kioo cha kawaida huizuia. Hutengenezwa kwa jerimaniamu, na ndiyo sababu mojawapo ya bei yake kuwa kali. Mwelekeze mtu aliyesimama nyuma ya dirisha la kioo na hutamwona. Nyuma ya lenzi kuna bamba dogo lenye maelfu ya vipokeo, kila kimoja kikipata joto umeme wake hubadilika, na kompyuta iliyomo humo huchora picha. Chombo kizuri hupambanua tofauti ya joto isiyofika sehemu moja ya ishirini ya digrii. Hakihitaji mbalamwezi wala tochi. Mnyama haoni chochote cha kumshtua, na hapo ndipo lilipo jibu kwa wanaouliza mbona yule wa kwenye simu hakukimbia.

Nani alilipa? Tarehe 26 Februari 1991, katika jangwa la kusini mwa Iraq, vifaru vya Marekani viliviona vifaru vya Saddam Hussein katikati ya tufani la mchanga, navyo havikuonwa. Vita ile iligeuka mchezo wa mwenye macho na kipofu. Vyombo vya siku zile vilikuwa vizito na vya gharama, vikihitaji kupoozwa kwa baridi kali ili vifanye kazi. Wakati huohuo kampuni ya Honeywell ilikuwa inatengeneza kwa siri, kwa fedha za jeshi la Marekani, kile kipokeo kidogo kisichohitaji kupoozwa. Siri ile ilifunguliwa mwaka 1992. Toka hapo mambo yakaenda kama mambo ya biashara yanavyokwenda: jeshi likapata chake, wazima moto wakapata chao, na mwindaji naye akafika dukani. Leo wapo watengenezaji hadi Lithuania na China. Darubini ya kufunga juu ya bunduki unaweza kuipata kwa kiasi cha dola 1,000, na za wenye nazo zinapita dola 5,000.

Kwa hiyo mlipa kodi ndiye aliyelilipia jicho hili kwanza, halafu akauziwa tena dukani. Wenzetu nao wana walalahoi wao.

Lakini tusiwe wepesi wa kumkebehi mfugaji. Mwenye kondoo mia mbili akiamka akikuta wana watano wametafunwa koo, hasara yake ni ya kweli, na hakuna profesa wa mjini atakayemrudishia. Wako wanaotumia uzio wa umeme, wako wanaofuga mbwa wakubwa walinzi, wako hata wanaomweka punda au lama katikati ya kundi kwa kuwa wanyama hao hawampendi koyoti na humpiga mateke. Njia hizo zinasaidia, hazimalizi. Mfugaji wa namna hii akilala shambani kwake na bunduki yenye darubini ya joto akimsubiri yule mmoja aliyezoea zizi lake, sisi hatuna neno naye.

Tuna neno na waliokuja nyuma yake wakimtumia kama pazia. Wa kwanza ni serikali yenyewe. Tangu sheria ya mwaka 1931, serikali kuu ya Marekani ina idara ya kuua wanyama wanaohesabiwa kuwa waharibifu, kwa fedha za umma. Idara hiyo leo iko chini ya Wizara ya Kilimo, na koyoti inaowaua kwa mwaka mmoja ni kama 60,000, wengine kwa bunduki kutoka ndegeni. Miaka zaidi ya tisini ya kazi hiyo, na mnyama anayepigwa vita amezidi kuenea. Kama hiki si kiini macho tuambieni jina lake.

Sababu inajulikana siku nyingi. Koyoti huishi kwa jozi, dume na jike wanaotawala eneo lao na kuwafukuza wengine. Ukiwaua wale wawili, vijana waliokuwa wamezuiwa wanaingia kugombania nafasi, wanazaa, na kwa kuwa chakula kimebaki kingi watoto wao wengi wanapona. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California walipiga hesabu hizo mwaka 1975. Waliona kwamba kumaliza koyoti wa eneo kunataka kuua asilimia 75 yao kila mwaka, bila kupumzika, kwa zaidi ya miaka 50. Hakuna nchi iliyoweza. Na aliyeuliwa huenda ndiye aliyekuwa mlinzi wa zizi bila kujua, jozi tulivu isiyogusa kondoo, ikazuia wahuni wasiingie.

Hata marais wameuchezea usiku huu. Mwaka 1972 Rais Nixon alipiga marufuku sumu dhidi ya wanyama hao katika ardhi ya serikali kuu. Mwaka 1982 Rais Reagan akaifuta amri hiyo. Mmoja anafunga kwa kalamu, mwingine anafungua kwa kalamu, na katikati hakuna aliyemuuliza mwananchi.

Wa pili ni wafanyabiashara wa starehe. Zipo sehemu za Marekani ambako huandaliwa mashindano ya kuua koyoti: mwenye mizoga mingi au mzito zaidi anapata zawadi. Hapo hakuna zizi linalolindwa. California ilipiga marufuku zawadi hizo mwaka 2014, Vermont ikafuata mwaka 2018, New Mexico mwaka 2019, na majimbo mengine baadaye. Huko Texas nako, kwa sheria ya mwaka 2011, mtu mwenye fedha zake anaweza kulipia kiti cha helikopta akawapiga risasi nguruwe waliogeuka mwitu. Nguruwe hao ni balaa kwa mkulima, hilo hatubishi. Ila ukiona balaa limekuwa bidhaa yenye tiketi, jua yuko mtu ambaye hataki liishe.

Sasa tufike mahali ambapo habari hii inatuhusu hasa, jimbo la North Carolina.

Kule pwani kuna mnyama anayeitwa mbwamwitu mwekundu. Mwaka 1980 alitangazwa kuwa amekwisha porini kabisa. Waliobaki walikuwa wachache waliofugwa. Kuanzia mwaka 1987 serikali kuu ikaanza kuwarudisha msituni katika wilaya tano za jimbo hilo: Dare, Tyrrell, Hyde, Beaufort na Washington. Dunia nzima hakuna mahali pengine walipokuwa wakiishi huru. Ilipofika mwaka 2012 walikuwa wamefika kama 100.

Mbwamwitu mwekundu ni mkubwa kuliko koyoti, lakini yule kijana, mwenye umri wa mwaka mmoja hivi, ana umbo na rangi inayokaribiana sana na koyoti. Mchana kweupe wataalamu wenyewe hutazama mara mbili. Mwaka huohuo wa 2012, Tume ya Wanyamapori ya jimbo ikaruhusu koyoti kuwindwa usiku kwa taa, jimbo zima, pamoja na zile wilaya tano. Tena ikatumia kwanza kanuni ya muda, ile ya kupitishwa haraka haraka.

Ndugu msomaji, isome tena sentensi hiyo. Mahali pekee duniani alipo mnyama huyu, mkubwa mmoja na kalamu yake anamruhusu kila mwenye bunduki kumfyatulia risasi usiku ndugu yake anayefanana naye, kisha anasema tutawaambia wawe waangalifu.

Yaliyofuata unaweza kuyakisia. Mbwamwitu wekundu wakaanza kuokotwa wamekufa kwa risasi. Na kulikuwa na uharibifu mwingine ambao wenye kalamu hawakuufikiria. Wataalamu wa mradi ule walikuwa wamewafunga uzazi koyoti kadhaa na kuwaacha hai wakae kwenye maeneo yao, wazuie koyoti wengine wasiingie kuzaana na mbwamwitu na kuharibu mbegu. Ulikuwa mpango wa akili, kumtumia adui kulinda mlango. Risasi ya usiku haikujua ni koyoti yupi mlinzi na yupi mvamizi.

Wananchi hawakukaa kimya. Vyama vya kutetea wanyama vilikwenda mahakama ya jimbo, na mwezi Novemba 2012 ile kanuni ya muda ikasimamishwa. Tume ikarudi na kanuni ya kudumu mwaka 2013. Wakaenda tena, safari hii mahakama ya serikali kuu, wakiishtaki Tume chini ya Sheria ya Viumbe Walio Hatarini ya mwaka 1973, ambayo inampa mtu yeyote haki ya kushtaki. Mwezi Mei 2014 Jaji Terrence Boyle akazuia uwindaji wa koyoti, mchana na usiku, katika zile wilaya tano. Kabla mwaka haujaisha Tume ilikaa mezani na walioishtaki wakapatana: usiku ukafungwa katika wilaya hizo, na mchana ukawekewa kibali.

Je, mnyama alipona? Tusidanganyane. Mwaka 2015 idara ya serikali kuu iliyokuwa ikiwalea ikaacha kuachia wapya porini, kelele za wenye mashamba zilipozidi. Kufikia mwaka 2020 wale waliokuwa wakifuatiliwa kwa redio shingoni hawakufika 10. Baadaye kazi ya kuwaachia ilianza tena baada ya kesi nyingine. Hukumu ya 2014 haikuwaponya mbwamwitu wote, ila ilimkamata mkono aliyekuwa akiwamaliza, na aliyemkamata ni raia wa kawaida mwenye wakili.

Wale wa North Carolina waliruhusiwa taa. Leo mwindaji ana darubini ya joto, na tatizo ni lilelile, limenolewa tu. Muuza darubini anakuandikia kwenye boksi kwamba chombo chake kinaona umbali wa zaidi ya kilomita moja. Kweli. Lakini kuona kwamba pale pana kitu chenye joto ni jambo moja, na kujua kitu hicho ni nani ni jambo jingine kabisa. Kwa umbali huo kinachoonekana ni doa jeupe. Rangi ya manyoya haipo, kola ya mbwa wa jirani ni vigumu kuiona, na kilicho nyuma ya mnyama kinaweza kupotea kabisa kama kina joto sawa na ardhi. Ili mtu aseme kwa hakika "huyu ni koyoti" lazima asogee sana au asubiri sana, na mwenye kidole kwenye kifyatulio mara nyingi hana subira. Wapo watu Marekani waliopigwa risasi na mwindaji aliyedhani ni koyoti. Wawindaji wenye heshima zao wanalijua hili na wanalihubiri: usifyatue mpaka umejua ni nini na nyuma yake kuna nini. Kwenye simu kijiweni hiyo sehemu ya kusubiri hukatwa.

Kijana mmoja alituuliza kama unaweza kuleta chombo hicho hapa ukaenda nacho porini. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 imekataza kuwinda usiku na kumulika mnyama kwa taa. Mlalahoi akikamatwa porini usiku na gobore na tochi, jela anaijua.

Tusidhani lakini kwamba jicho lenyewe ni la shetani. Ng'ambo ya mpaka, katika Maasai Mara, askari wa wanyamapori walipewa kamera za joto mwaka 2016, na kabla mwaka haujakwisha majangili zaidi ya ishirini walikuwa wametiwa mbaroni kwa msaada wake. Jicho lile lile, ila mwishoni kuna pingu badala ya risasi, na pingu ukikosea unaweza kuifungua.

Tatizo letu ni la kalamu. Sisi tunayo Loliondo. Mwaka 1992 kitalu cha uwindaji katika ardhi ya Wamasai kiligawiwa kampuni ya wakubwa wa Falme za Kiarabu, na wenye ng'ombe wao wakasikia baadaye. Aliyeianika kashfa ile ni mwandishi Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi, aliyefariki mwaka 1993. Vijana mliozaliwa baada ya hapo, muulizeni mzee yeyote anayesoma magazeti, atawasimulia. Kalamu ya Loliondo na kalamu ya North Carolina zinafanana: zote zilitangulia, mwananchi akafuata.

Wapi basi tulitofautiana? Katika mlango wa mahakama. Kule mbwamwitu hawezi kushtaki, lakini mtu yeyote anaweza kumshtakia. Hapa, Ibara ya 26 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kulinda Katiba na sheria za nchi. Halafu mwaka 2020 Bunge, kwa hati ya dharura, likapitisha marekebisho yaliyomtaka anayefungua kesi ya haki za msingi aape kwamba yeye binafsi ameumizwa. Yaani usimsemee jirani mpaka na wewe uchomwe. Marekebisho hayo yalipingwa mahakamani na Watanzania wenye moyo, na chama chetu kiliyapinga toka siku ya kwanza. Mbunge aliyepiga makofi siku ile ana deni la kueleza alikuwa anamlinda nani.

Turudi kwenye darubini. Kampuni za uwindaji wa kitalii zinaingiza wageni na bunduki kila msimu, kwa vibali. Tunaitaka Wizara ya Maliasili na Utalii ijibu hadharani: darubini ngapi za joto zimeingia nchini pamoja na bunduki hizo, kwa kibali cha nani, ziko vitalu gani, na nani huzikagua jua likizama? Majangili nao wamekamatwa nazo ngapi? Nafasi ya jibu tumeiacha wazi ukurasa wa kwanza wa toleo lijalo. Likija tutalichapa neno kwa neno. Lisipokuja tutauchapa ukurasa ule mweupe.